Viazi vya Siku Tatu

Siku ile tulikuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo. Mama alishika mchi, mimi nilichambua majani, na mdogo wangu Riziki, aliyekuwa na miaka minne, alifukuza kuku wasile mahindi tuliyoyaanika. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Walikale, mwendo wa nusu siku kutoka Kashebere. Baba hakuwepo. Vita ya Wazungu huko kwao ilikuwa inataka mpira, na wanaume wetu walikuwa msituni wakiugema. Aliyerudi na kikapu kisichojaa alichapwa mbele ya wanawe.

Koko, mama yake Mama, aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa amechimba viazi vya porini, vile vichungu ambavyo hata nguruwe wa msituni wanavipita.

"Mapendo, kuja uone. Hii njo chakula ya njaa."

"Koko, njaa haiko. Tuko na ndizi, tuko na sombe."

"Njo maana nakufundisha sasa. Siku njaa itafika, hautanisikia."

Yeye alifundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake, aliyewahi kukimbia vita ambayo hata Koko hakuiona. Unamenya, unachemsha na majivu, unakata vipande vyembamba, unavitia kitungani na kukilaza katika maji yanayotembea, jiwe juu yake. Siku tatu kamili. Kisha mpishi anaonja peke yake na kungoja nusu ya siku. Akibaki mzima, wengine wanakula. Kabla ya hapo ni sumu.

Nilisikiliza huku nikitazama njia. Siku zile hakuna aliyetulia. Mbwa walibweka mchana bila sababu. Wanaume waliopita kuchukua chakula walisema kwa sauti ya chini kwamba huko ndani ya msitu watu wamekataa mpira na kushika mikuki, na kwamba askari wa serikali wanakuja kwa barabara, wakiingia kila kijiji bila kuuliza nani alikataa na nani alikubali.

Siku chache baadaye tuliona moshi upande wa Kashebere. Jirani yetu alipita mbio akiwakimbia askari, mtoto mgongoni.

"Basoda! Banachoma manyumba!"

Mama alichukua sufuria na panga. Koko alichukua kitunga. Mimi nilimchukua Riziki.

Tulielekea kaskazini, kule Pinga, kwa kuwa tulisikia huko bado kumetulia. Hatukufika. Tulikaa siku mbili mahali, tukahama. Siku moja mahali pengine, tukahama. Koko alichemsha viazi vyake alfajiri, ukungu ukiwa bado mzito, ili moshi usionekane. Mara mbili alilaza kitunga kijitoni, na mara mbili tulisikia bunduki kabla ya siku tatu kwisha, tukakiacha majini na kukimbia. Kila mara alisuka kitunga kingine huku akitembea. Chakula chake kilitaka watu wanaokaa, na sisi hatukukaa.

Kitunga cha tatu kilikuwa kimelala siku moja tu. Koko na Mama walipanda mlimani kutafuta uyoga. Niliachwa na Riziki chini ya mizizi ya mti mkubwa iliyoinama juu ya maji, kitunga kikiwa karibu yetu. Kwa siku mbili alikuwa hajala kitu isipokuwa majani.

"Dada, nasikia njaa."

"Ngojea. Mama anakuja."

Alianza kulia. Si kwa nguvu, ila hakunyamaza.

Ndipo nikasikia viatu.

Walikuwa ng'ambo ya kijito, kwenye njia ya wawindaji. Niliona kofia nyekundu moja ya askari, kisha nyingine. Mmoja alisimama kunywa maji.

Nilimziba Riziki mdomo. Aliniuma.

Mkono wangu wa pili ulisogeza jiwe, ukafika kitungani. Nilitoa kipande, nikamtia mdomoni. Akanyamaza. Akatafuna.

Akafungua mdomo tena.

Nikampa kingine. Na kingine.

Askari waliondoka.

Jua lilipofika juu, Riziki alitapika. Kisha miguu yake ikakakamaa, macho yakaenda pembeni. Mama na Koko walirudi wakamkuta mapajani mwangu anatetemeka. Koko alikimbilia kijitoni, akaona jiwe limesogea. Akanitazama. Nikatazama chini.

Mama alipiga magoti. "Amekula nini? Mutoto amekula nini?"

Koko alirudi polepole, akaketi.

"Njo mimi nilimupa," alisema. "Asubuhi, mbele ya kupanda mulima. Nilichanganya siku, nilizani iko tayari."

Riziki alikufa kabla ya jioni. Tulimzika palepale kwa panga na mikono, tukahama.

Mapigano yalipokwisha tulihamia milima ya Masisi, kwa ndugu za Baba. Baba alitukuta huko, akitoka gerezani walikofungwa waliokataa mpira, amekonda, kovu la kamba likiwa mkononi. Mama alimweleza alivyoelezwa. Tangu siku ile Koko hakuruhusiwa kugusa jiko. Aliletewa sahani mlangoni. Wajukuu waliozaliwa baadaye waliambiwa wasipokee hata ndizi mkononi mwake. Mwanamke aliyekuwa na mapishi ya vizazi vitatu aliishi miaka minane bila kuwasha moto.

Nilimuuliza mara moja, tukiwa wawili shambani kwenye maharage, kwa nini alisema vile.

"Mimi niko muzee," alijibu bila kuacha kulima. "Weye utaolewa, utapikia bantu. Nani angekubali kula mu mikono yako?"

Niliolewa. Niliwapikia. Nilinyamaza.

Nimepima jambo hili maisha yangu yote, na halikai sawa. Labda askari wangemsikia, tungekufa wote wawili. Labda maji yale yalikuwa na kelele za kutosha, wasingesikia kitu. Hakuna wa kuniambia.

Koko alipofariki, niliingia jikoni kwa Mama siku ya tatu baada ya maziko, nikamwambia yote. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Miaka munane," alisema. "Miaka munane nilimunyima mama yangu moto."

Nilisimama, nikapika, kwa kuwa ilikuwa zamu yangu na watu walikuwa wengi msibani. Nilimpelekea sahani yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mapajani na kuitazama mpaka mvuke ukaisha.

Kisha akala.