Siku Tuliyoukataa Mnara

Tulikuwa sita na mgeni mmoja. Mwenyekiti wa mtaa wetu. Mwalimu mstaafu, mtu wa Bukoba, na mkongojo wake. Mwenye duka, Mwarabu aliyezaliwa papa hapa Dar, ambaye baraza la duka lake ndilo tulilokalia. Mama muuza samaki. Mimi. Mdogo wangu wa kiume, ambaye tulimfanya katibu kwa kuwa alikuwa amemaliza kidato cha sita na mwandiko wake unasomeka. Mgeni alikuwa kijana kutoka halmashauri, viatu vimejaa tope la kwetu Goba mpaka kwenye kamba.

Sita ndiyo ilikuwa akidi ya kamati yetu ya kiwanja. Wajumbe tulikuwa tisa, lakini mvua ilinyesha tangu alfajiri na watatu hawakuteremka. Akitoka mmoja, kikao kimekufa. Na kijana wa halmashauri alisema harudi tena. Alitaka muhtasari uliosainiwa siku hiyohiyo, ndiyo au hapana.

Kiwanja kilikuwa cha zahanati. Wakazi tulichanga, tukapandisha kuta mpaka kwenye lenta, nguvu zikaisha. Serikali ikaahidi kumalizia. Sasa serikali hiyohiyo ilileta jambo jingine. Mkongo wa intaneti umefika barabara kuu, unaweza kushushwa bondeni kwetu pamoja na mnara wa simu, ila panatakiwa mahali pa kuusimamisha. Mahali pa wazi palikuwa palepale tu.

Nieleze kwa nini nilikuwa kwenye kamati ile. Mama yetu alijifungulia nyumbani. Alivuja damu, tukampakia kwenye bajaji, akakata roho kabla hatujaiona hospitali. Mtoto naye hakumaliza siku mbili. Baba alikuwa ametangulia. Nilikuwa kidato cha pili; nikaacha shule, nikaenda kuuza nyanya soko la Tandale, na mdogo wangu akasoma. Kwa hiyo habari ya zahanati kwangu haikuwa habari ya maendeleo.

Asubuhi ile, tukiwa tunachemsha chai, mdogo wangu aliniambia kwamba vyuo viwili vimemchagua na anatakiwa athibitishe kimoja kwenye mtandao. Mwisho ni leo, saa kumi na mbili jioni. Bondeni kwetu simu haikamati kitu. Lazima upande kilimani, karibu na kanisa.

"Jina lako si limetoka?" nikamuuliza.

"Limetoka, dada, ila—"

"Likishatoka limetoka. Utathibitisha baada ya kikao."

Enzi zangu majina ya waliochaguliwa yalibandikwa ukutani, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Ukiliona lako, unakwenda kutafuta sanduku la bweni. Sikujua kwamba siku hizi jina linaweza kutoka, kisha likarudi lilikotoka.

Kikao kiliitwa asubuhi lakini kilianza saa tisa alasiri, kwa sababu mgeni alichelewa, nasi tulimngoja palepale barazani. Mwalimu alikuwa wa kwanza kunyanyua mkongojo.

"Kazi ya serikali ni ile ambayo mtu peke yake haiwezi," alisema. "Barabara, maji, tiba. Intaneti ni biashara. Wenye kampuni waje, watuuzie."

"Waje wapi, mwalimu?" Mwenye duka alicheka. "Mie mfanyabiashara, acha nikwambie. Kampuni inafuata mfuko wangu, haifuati shida yako. Huku bondeni hawaji mpaka kiama. Ndiyo maana nasema serikali ilete."

"Wewe unataka kuuza vocha tu," akadakia mama wa samaki. "Mjukuu wangu akishikwa na degedege nikamlaze kwenye intaneti?"

Tukacheka wote, hata mgeni. Mwenye duka akamgeukia.

"Mama, juzi ulikwenda kulipia leseni yako. Walikwambiaje?"

"Nilete kontroli namba, ile namba ya malipo ya serikali."

"Na hiyo namba inateremka na mvua?"

"Nilimlipa kijana pale kilimani, akanitolea kwenye simu yake."

"Basi! Serikali imeshahamia kwenye mtandao, wazee wangu. Imetuacha sie huku chini tunaipungia mkono."

Mdogo wangu alikuwa anaandika. Nilimwona akiitoa simu mfukoni, akiitazama, akiirudisha. Kisha akaniinamia.

"Dada, naomba nipande mara moja."

"Kaa. Ukiondoka akidi inavunjika."

"Saa kumi hii."

"Kaa, baba. Watu wamekuja na mvua."

Akakaa. Mwenyekiti akanipa nafasi nami nikasimama. Nilisema mambo ambayo kila mmoja pale aliyajua, kwa sababu ndio waliomzika mama yangu. Nilisema sina ugomvi na mnara. Serikali ikiweza vyote ilete vyote, lakini kama imekuja kutuambia tuchague kimoja, mtu anayevuja damu hangoji. Nilisema tukitoa kiwanja hiki hakuna zahanati itakayojengwa hapa tena maishani mwetu. Mwisho nikamgeukia katibu nikamwambia, "Andika hivyohivyo nilivyosema." Akaandika. Nilijisikia mkubwa kuona maneno yangu yanaingia kwenye karatasi ya serikali kwa mkono wa mtoto niliyemlea mwenyewe.

Mwalimu akaongeza yake, mwenye duka akamjibu, wakarudi kwenye yaleyale. Mdogo wangu aliomba ruhusa mara ya pili, safari hii kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa.

Tulipiga kura kwa mikono. Wanne tulikitaka kiwanja kibaki cha zahanati: mwenyekiti, mwalimu, mama wa samaki na mimi. Mwenye duka aliutaka mnara. Mdogo wangu naye alinyanyua mkono wa kushoto kuutaka mnara, kalamu ikiwa bado mkono wa kulia. Hakunitazama. Kisha akaandika matokeo na sote tukasaini.

Saa kumi na mbili ilikuwa inagonga tulipopanda kilima pamoja, nikiwa nyuma yake, tope linaturudisha. Karibu na kanisa simu yake ilianza kulia mfululizo. Meseji za siku nzima ziliingia kwa pamoja, moja yenye namba ya kuthibitishia. Aliiingiza. Ukurasa ulizunguka. Akaiingiza tena. Kisha akanipa simu nisome mwenyewe. Dirisha la kuthibitisha lilikuwa limefungwa.

Kesho yake nilifunga kibanda nikaenda naye chuoni. Kijana wa mapokezi alitusikiliza vizuri, hakuwa na kiburi. "Mfumo umeshafunga, sista," alisema. "Mie nikikufungulia hapa nakufungulia na nini?" Chuo cha pili walituambia hivyohivyo, kwa maneno machache zaidi.

Mnara ulikwenda mtaa wa pili. Zahanati haijaezekwa; kuta zetu zimeota magugu na mbuzi wanalala ndani. Bado naamini nilisema kweli siku ile. Nikiulizwa leo nitasema tena yaleyale, kwamba serikali haikuwa na haki ya kutuuliza tuchague kati ya mtandao na damu. Ila hakuna aliyenituma kumzuia mtoto barazani kwa ajili ya kuhesabiwa. Hilo halikuwa la serikali, lilikuwa langu.

Mwaka uliofuata aliomba tena, hakuchaguliwa. Sasa anapakua makontena Kurasini, kibarua cha kutwa, mgongo umeanza kumsumbua na hajafika thelathini. Hajawahi kunigombeza. Mara moja tu, tukila chakula alichonunua kwa ujira wake, alisema huku akitabasamu, "Dada, unanidai malezi, nami nakudai mwaka. Mie nimeanza kulipa."

Mwezi huu dirisha la maombi ya vyuo limefunguliwa tena. Nilimwambia achukue siku moja, apande kilimani aombe, ujira wa siku hiyo nitamfidia. Akanijibu kwamba ule mwaka anaonidai umeshakuwa miaka sasa, nami nina siku moja tu ya kumpa. Akachukua glavu zake akaenda kazini. Vyeti vyake ninavyo mimi, kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, na deni lake lote bado liko kwangu.