Viwavi Niliowalea

Miaka kumi na tisa nililea viwavi, wala sikuona haya. Watu wa mtaani wakinichokoza, "Mama Viwavi, wanao hawajambo?" nawajibu, "Hawajambo, wanakula kuliko wako." Natamani siku zile zirudi.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya nyumba ya vioo ya kuoteshea mimea, kwenye kituo cha utafiti. Kila kiwavi na kikombe chake, maana ukiwachanganya wanatafunana. Niliwahamisha kwa brashi laini. Shule sikufika mbali, lakini kiwavi mgonjwa nilimjua kabla ya yeyote pale.

Daktari wa mimea, kijana mpole, alihangaika miaka sita na mahindi yake. Alinieleza kuwa ndani ya jani ametia chembe ndogo iitwayo RNA, kama ujumbe. Kiwavi akilila, ujumbe unamzuia kukua. Tukawalisha viwavi mia majani hayo, na mia wengine majani ya kawaida.

Siku ya tatu, mia wa daktari wote chali! Watu wakapiga vigelegele. Mtunza bustani, tuliyemwita Mrefu, akapanda juu ya ndoo akacheza.

Mimi nikachungulia vikombe. Viwavi walikuwa weusi, wamelegea, wanatokwa na maji. Ule ulikuwa ugonjwa, na nilijua ulikotoka. Nilikuwa nimehamisha viwavi wagonjwa wa trei nyingine, kisha nikawahamisha hao mia kwa brashi ileile bila kuichemsha.

Mimi na kukubali kosa ni mbalimbali, marehemu mume wangu alikuwa akisema, "Wewe hata ukianguka utasema ulitaka kukaa." Ningenyamaza, nani angejua? Lakini yule kijana angekwenda kutangaza uongo wangu kwa jina lake.

"Daktari, usiandike."

"Kwa nini, mama?"

"Jani lako halijaua kitu. Nimewaua mimi, kwa brashi chafu."

Mrefu akashuka kwenye ndoo taratibu. Daktari akakaa, akajifuta uso.

"Utanilelea wengine?"

"Hata mia mbili. Na asinigusie mtu vikombe vyangu!"

Tukaanza upya. Wiki ya tatu, wa majani ya kawaida walikuwa wanene kama kidole. Wa daktari walikuwa wembamba kama uzi, hai, ila wamedumaa. Daktari akasimama na kalamu, hathubutu kuandika. Nikawageuza mmoja mmoja, wote mia, yeye na Mrefu wakisubiri.

"Wazima hawa. Wamegoma kukua tu."

Akaandika. Chumba kilinukia majani mabichi, na hakuna kati yetu watatu aliyekuwa na haraka ya kutoka.