Mwendo wa Kutwa Moja

Kule Bigwa, karibu na Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, njia ya zamani ya kwenda pwani bado ipo, ila hakuna tena wa kuisimulia. Aliyekuwa akiisimulia ni Mosi binti Salehe. Mgeni akiketi barazani kwake alipewa maji, kisha akapewa njia: mto Ruvu unavyofurika, nyika isiyo na kisima, simba, homa, nyayo zinazopasuka. Wiki nzima na zaidi mpaka Dar es Salaam, alisema, na wangapi wameishia porini. Mwenyewe hakuwahi kuipita. Alijifunza kwa wapagazi, kwa kuwa mwanawe Rehani aliishika njia hiyo akiwa kijana na hakurudi, na mama alihitaji kitu cha kuwajibu watu. Njia ikamjibia. Hakuna aliyemlaumu Rehani, walimwonea huruma.

Kisha Wajerumani wakafikisha reli Morogoro. Gari la moshi likawa linatoka Dar es Salaam asubuhi na kuingia jioni, na watu wanashuka wakiwa na nguo safi.

Haukupita muda, Hidaya, mjukuu wa Mosi kwa bintiye, akachumbiwa. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na neno la kumwozesha hulisema mjomba. Mjomba ni Rehani. Mosi akatoa jibu lake la siku zote: yuko mbali, asemewe na mwingine. Hatibu, baba wa mchumba, akautazama mlima.

"Bibi Mosi," akasema taratibu, "zamani ningekubali. Siku hizi mjomba akinywa uji pwani, chakula cha jioni anakula kwako. Asipokuja, si njia iliyomzuia. Nami simwozeshi mwanangu kwa watu waliosuswa na mjomba wao."

Alfajiri moja Mosi akapika kunde za nazi, chakula kisicholala bila kuchacha, akazitia kwenye chungu kidogo, akafunika kwa jani la mgomba, akapanda gari. Nchi yote aliyoisimulia ikampita dirishani. Ruvu ulipotea kabla hajamaliza kuutazama. Simba hakumwona hata mmoja, na baadaye alisema hilo ndilo lililomliza.

Aliulizia mpaka jioni hiyohiyo akamkuta Rehani nyuma ya forodha, mabega yameota sugu kwa magunia. Rehani akampa mama yake shikamoo, macho chini, akaanza kueleza jinsi Morogoro ilivyo mbali. Mosi hakubisha. Alifunua chungu, akamsogezea.

"Onja. Nimezipika leo nyumbani. Kama zimechacha, baki huku."

Rehani alikula mpaka akafika kwenye kitako cha chungu.

"Mama, sina kitu cha kurudi nacho."

"Hidaya anaolewa. Anatakiwa mjomba, baba. Mizigo wanayo."

Wakarudi pamoja. Rehani akasema neno lake mbele ya wazee, na Hidaya akaolewa. Zamani aliyetoka pwani kwa miguu alikaa nyumbani miezi, akingoja nyayo zipone. Rehani hakuwa na jeraha la kuuguza. Harusi ilipokwisha akapanda gari, akarudi kwenye magunia yake, na mama yake akasimama stesheni mpaka moshi ukatoweka nyuma ya miti. Tangu hapo mgeni aliyefika barazani alipewa maji tu.

Mosi amezikwa Bigwa, juu kidogo ya njia ya zamani. Rehani amezikwa Dar es Salaam.