Betri Juu ya Bati

Sijui aliyeandika kile kichekesho cha televisheni alilelewa wapi, lakini naapa aliwahi kuchungulia dirishani kwetu Kaloleni, mjini Voi. Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa mwalimu mpya aliyenunua televisheni kabla hata ya kitanda cha maana. Kila Jumapili jioni wazazi wangu walikuja kwangu kukitazama. Hadithi yake ilikuwa ya miaka ya sitini, wakati wa utoto wangu.

Watunzi wake walipatia kweli! Vitambaa vya kufuma juu ya viti, pasi ya makaa ikipepewa mlangoni, baba mtu akivaa tai kwenda kununua sukari. Niligombana nao kwa jambo moja tu: viatu vyao viling'aa mno. Mtu atembee Voi na viatu visiwe vyekundu kwa vumbi, alipitia wapi?

Jumapili moja, yule baba wa kwenye kichekesho alitoa betri za redio zilizochoka, akazipanga juu ya bati zipate jua na kurudisha nguvu. Tulicheka hadi machozi. Baba yangu, mstaafu wa reli, ndiye aliyecheka zaidi. Kisha akamtupia mama jicho, nami nikakumbuka.

Nilipokuwa mtoto, nyanya yangu, aliyemzaa mama, alikuwa mgonjwa sana kijijini kwake Kasigau. Barabara ilikuwa mbovu, simu hakuna, na habari za vifo tulizipata kwa matangazo ya redio. Mama alimsihi baba aifungulie redio kila jioni. Baba akasema betri ni za taarifa ya habari, na kwa vile zilikuwa zimeanza kufifia, akazianika siku mbili nzima. Siku ya tatu asubuhi, wanawake wa mtaa wakaja na kuni na unga. Mama alikuwa uani akichambua pojo. Aliwakaribisha akicheka, akawauliza kuna sherehe gani. Masikini, walidhani tumesikia tangazo la msiba redioni. Tulipofika Kasigau, nyanya alikuwa ameshazikwa.

Mama hakumgombeza baba. Ila tangu siku hiyo, taarifa ya habari ikianza tu, aliinuka akatoka nje. Miaka ikapita, redio ikaja kuwa televisheni, naye bado alitoka. Kiti chake kitupu kiliniuma kila mara, na nadhani kilimuuma baba zaidi.

"Mama watoto," baba alisema jioni ile, macho yake kwenye kioo, "zile betri ningeziacha ndani. Nilikosa."

Sikuwa nimewahi kumsikia akitamka neno hilo, hata kwa mkubwa wake wa kazi.

Kichekesho kikaisha, muziki wa taarifa ya habari ukapigwa. Nikavuta miguu yangu ili mama apite, kama kawaida yetu.

"Unampisha nani?" akaniuliza. "Hebu ongeza sauti."