Masharti ya Konokono wa Jiwe

Mimi ni mwoga, na ninalisema mapema ili msomaji asije akaningojea nifanye ushujaa. Naogopa radi, naogopa mbwa wa jirani, na miaka ile ya vita niliogopa hata bati la paa likipigwa na upepo. Mahali pekee ambapo woga uliniacha nipumue palikuwa kijito kimoja chini ya Mutwanga, pembeni mwa shamba la dada yangu mkubwa, ambaye mpaka leo namwita Yaya. Huko ndiko nilikokuwa nikitafuta konokono waliogeuka mawe.

Kwetu Butembo mtu akiinama kuokota kitu, watu hudhani amekiona cha kuuza. Mara ya kwanza nilipopanga konokono wangu dirishani nyumbani kwa wazazi, kule Kimemi, mama aliwatazama huku ameshika kiuno.

“Binakuliwa?” akauliza.

“Hapana, mama.”

“Binauzishwa?”

“Hapana.”

“Basi bitoe. Binaleta mavumbi.”

Ugonjwa huo wa kuokota mawe niliuambukizwa na sista mmoja aliyetufundisha sekondari. Alituonyesha jiwe lenye umbo la konokono, kila mzunguko mahali pake, akasema kwamba mahali lilipookotwa paliwahi kuwa chini ya maji, zamani sana, kabla ya mtu wa kwanza. Mimi nikajiambia: bahari. Baadaye padri mmoja alinikosoa, akasema huku kwetu lilikuwa ziwa, bahari haijafika. Nilimsikia vizuri, nikaendelea kusema bahari. Sijawahi kuiona ile ya kweli, na sikuona sababu ya kunyang’anywa hata hii iliyokauka.

Kazi yenyewe ni ndogo. Mvua ikinyesha, kijito hula ukingo, na tabaka la udongo wa kijivu hujitokeza. Ndani yake mna konokono wenye rangi ya kutu, pingili za mgongo wa samaki zinazotoshana na kifungo cha shati, na siku moja jino ambalo hadi leo nashikilia kwamba lilikuwa la mamba. Nilikuwa na kisu cha jikoni, mswaki mzee, chupa ya maji ya kusuuzia na kitambaa cha kuwafungia. Unakwangua polepole, maana ukiwa na haraka unabaki na unga mkononi. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mtaa wa Bungulu, mjini Beni. Jumamosi nilipanda pikapu pamoja na Yaya. Yeye akiingia shambani kuchuma sombe, majani ya muhogo, na kukata ndizi za kuuza, mimi nateremka kijitoni, na asubuhi nzima inapita bila kukumbuka kwamba kuna vita.

“Siku moja utachimbua bombe,” Yaya alikuwa akinitania.

Vita lakini vilikuwepo. Wenye bunduki mjini walibadilika mara nyingi mno hata tukaacha kuuliza safari hii ni akina nani. Na porini walikuwapo wale wapiganaji wa dawa, waliojinyunyizia maji na kuvaa shingoni vitu vilivyofungwa katika vitambaa, mizizi, mifupa, makombe, ili risasi zikiwafikia zigeuke maji. Askari waliwachukia, na waliwaogopa kuliko walivyokubali kusema. Hayo yote niliyajua kama kila mtu. Halikunijia hata mara moja wazo la kukitazama kile kifurushi changu kwa macho ya askari.

Jumamosi moja tulipokuwa tunarudi Beni, tulikuta bariera mpya, mti umelazwa barabarani. Tulishushwa sote. Kikapu cha Yaya kilimwagwa chini, na kutoka chini ya sombe kikaanguka kitambaa changu, na chupa yangu ya maji ikafuata.

Askari aliyekifungua alikuwa mtu mzima, mwenye mvi kidevuni na pete ya ndoa. Aliwaona konokono, akaruka nyuma.

“Eloko nini oyo?” alifoka kwa Kilingala, kisha akageukia Kiswahili. “Iyi ni nini, mama?”

“Ni mawe tu, papa,” Yaya akasema.

“Hapana mawe. Iyi ni dawa. Na mayi yake iko hapa. Bwana yako iko mu pori, sivyo?”

Yaya hakuwa na bwana porini. Bwana yake alikuwa nyumbani Bungulu, akilalamikia mgongo. Lakini askari alikwisha kumshika mkono na kumsogeza kando ya barabara, kwenye majani marefu. Alimtundikia kitambaa shingoni, akammwagia maji ya ile chupa kichwani, akarudi nyuma hatua chache na kukoki bunduki.

“Tutajaribu,” alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. “Kama ni dawa, risasi haitaingia. Kama ni mawe, itaingia.”

Wenzetu wa safari walitazama chini. Yaya alinitazama mimi, maji yakimtiririka usoni. Nataka nieleze woga ule na sijui niuelezeje. Nilijua kwamba nikisema ukweli, kwamba ni konokono wa kale, hataamini, na dada yangu anakufa kama mwongo. Na nikinyamaza, anakufa kwa majaribio.

“Ni dawa,” nikasikia mtu anasema, na mtu huyo alikuwa mimi. “Ni yangu. Lakini ukijaribu ku mwanamuke, inakufa.”

Bunduki iliteremka kidogo. Hilo alilielewa. Kila mtu kwetu amesikia kwamba dawa ya vita haipatani na mwanamke.

“Ku mwanaume?” akauliza.

“Ku mwanaume inafanya kazi. Kama anashika mashariti.”

“Mashariti gani?”

Hapo kichwa kikawa kitupu. Dawa zote za vita zina masharti, hilo nalo nilikuwa nimelisikia, lakini hata moja sikulikumbuka. Nilichokiona mbele ya macho yangu kilikuwa ukuta wa darasa langu, pale juu ya ubao, nilipoandika kwa chaki ya rangi kanuni za darasa la tatu. Nikazisoma.

“Usikamate kitu ya mwenzako. Usipige mutu mwenye hana nguvu. Usitukane mama ya mutu. Nawa mikono mbele ya kula.”

“Nawa mikono?”

“Mbele ya kula. Kila siku.”

Akazirudia kwa sauti ndogo, akihesabu kwa vidole. Sharti la tatu akaliruka. Nami, Mungu anisamehe, nikamkosoa kama ninavyomkosoa mtoto yeyote, kidole juu, na yeye akarudia tena kutoka mwanzo. Kisha akamvua Yaya kitambaa, akachagua konokono aliyekuwa mzima kuliko wote, akamweka mfukoni mwa shati. Waliobaki akanirudishia. Ndizi na sombe akaziokota yeye mwenyewe na kuzirudisha kikapuni.

“Kitu ya mwenzako,” akasema, kama anayenihakikishia kwamba amelishika.

Nyumbani Yaya aliketi jikoni na nguo zake mbichi, akacheka mpaka akalia, kisha akalia tu.

Nilidhani woga ungeisha hapo, kumbe ndipo ulipoota mizizi. Yaya aliishi kwa ile barabara, asingeweza kuiacha. Mimi niliapa kutokwenda tena, lakini aliporudi kutoka safari yake iliyofuata aliniambia kwamba yule askari ameniulizia. “Mwalimu iko wapi? Dawa iko na nguvu bado?” Basi Jumamosi nikawa napanda pikapu si kwa ajili ya kijito, bali kwa ajili ya kuonekana. Sikuchimba. Nilikaa ukingoni na kisu mapajani, nikisikiliza.

Kila tulipofika barierani nilitoa kichwa dirishani ili anione. Naye alitoka kunisalimu, konokono wangu akining’inia shingoni kwa uzi wa kiatu. Abiria walishangaa: askari wenzake walipopekua mizigo na kujichukulia, yeye alikunja mikono na kukaa kando. Siku moja niliona mwenzake amempiga kofi mzee mmoja, naye akaenda akamshika mkono akamvuta mbali. Dereva alisema huyu labda ameokoka. Mimi nilitazama ile shingo na kuwaza: akipigwa hata risasi ya kumkwaruza, atajua. Atajua, na barabara ya kurudi kwa Yaya ni hii hii. Nikawa namwombea, kila usiku, mtu aliyemwelekezea dada yangu bunduki, asije akapigwa. Na sitasema kwamba nilimwombea kwa ajili ya Yaya peke yake. Alikuwa anakosea bado la tatu, na bado alikuwa ananiomba nimsikilize.

Kisha wakaondolewa. Ikasemekana wamepelekwa kaskazini, mbele, kwenye mapigano. Bariera ikabaki mti tu, na baadaye hata mti ukawa kuni za watu.

Walirudi mvua zilipokwisha, wachache kuliko walivyoondoka. Tulisimamishwa palepale. Yule wetu hakuwepo. Aliyekuja dirishani alikuwa mwingine, mrefu, jicho moja jekundu, na shingoni mwake nikamwona konokono wangu. Uzi ulikuwa ule ule wa kiatu. Nilimshika Yaya goti, na yeye akanishika mkono, tukakaza.

“Wewe ni mwalimu?” akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Niliwaza kwamba sasa yamefika, ukweli umefunuka, ni jiwe na wote wamejua ni jiwe.

“Ule mukubwa alikufa,” akasema. “Hapana kosa yako. Dawa ilikuwa nguvu. Alishika mashariti yote, sisi wote tuliona. Lakini siku ile mu pori mayi ilikosa kabisa, na njaa ilikuwa mingi. Alikula bila kunawa.”

Alisema hivyo kwa huruma, ili nisijilaumu kwa kazi yangu. Kisha akanyoosha mikono yake miwili dirishani mbele ya uso wangu, viganja juu, halafu akaigeuza, kama watoto wa darasa langu wanavyofanya mlangoni kila asubuhi, akangoja nimwambie kama ni safi.