Jetoni ya Salumu

Siku yangu ya kwanza kazini, kule mgodini Salamabila, shefu wa timu alinipa kibati cha mviringo chenye namba. Tulikiita jetoni. Akasema, "Hii ndiyo wewe. Ukiingia shimoni, itundike kwenye ubao. Ukitoka, iondoe. Ukisahau, basi wewe bado uko chini." Nilikuwa nimetoka kulima Lusangi, shule niliiacha mapema. Nilifurahi kwamba kazi ilitaka nijue namba moja tu.

Baadaye wenzangu walinichagua delege, yaani mjumbe wa sendika, chama chetu cha wafanyakazi. Sijui kama nilistahili. Kazi yangu kubwa ilikuwa kusoma ubao: mwenye baruti hakuwasha utambi mpaka delege aseme ubao uko wazi. Mara ya kwanza nilipozuia mlipuko, jetoni ya mwenzetu Salumu ilikuwa imebaki ubaoni. Tukamtafuta zamu nzima, kumbe yuko kwake anakula bugali. Watu walinicheka. Shefu wa zamu alikasirika, na lazima niseme, alikuwa na haki.

Haukupita muda, jetoni ile ile ikabaki tena.

"Delege, usianze," shefu akasema. "Unajua tumbo la Salumu."

"Pengine, shefu. Lakini ubao unasema yuko chini."

"Ubao haujui njaa. Ukizuia leo, nakuandikia barua."

"Basi sendika nayo itaisoma, shefu."

Shefu hakuwa mutu mubaya. Wakubwa zake walimsukuma. Ni yeye mwenyewe aliyetwaa taa akashuka nami. Tulimkuta Salumu chini ya ngazi, mguu umevunjika, sauti imekauka kwa kuita. Nilishindwa kushika machela. Maana kabla shefu hajafungua kinywa, mimi nilikuwa karibu kusema ubao uko wazi, kwa kuogopa kuchekwa tena. Hilo sijawahi kumwambia Salumu.

Sasa nimestaafu, nakaa Kasongo. Juzi mkwe wangu Amisi alikuja kutoka mgodi mwingine, upande wa Kabambare. Nikamuuliza nani anasoma ubao wao.

"Ubao gani, baba? Tunaangaliana kwa macho. Shefu anauliza kama wote wametoka, tunasema ndiyo."

"Hakuna anayesema hapana?"

"Alikuwepo mmoja. Kesho yake wakamwambia akapumzike nyumbani. Mpaka leo anapumzika."

Alicheka. Mimi nilirudia kumuuliza, nikidhani sikusikia vizuri. Nilisikia vizuri.

Miaka yote nimefikiri ubao ndio uliomwokoa Salumu, na siku nyingine, nikijisifu, kwamba ni mimi. Lakini najijua. Ningekuwa peke yangu ningesema ndiyo, kama Amisi. Nilithubutu kwa sababu nilijua kwamba kama ningefukuzwa, wenzangu wote wangeweka vyombo chini.

Amisi alipokuwa anarudi kazini, nilimpa jetoni yangu ya zamani. Akaigeuzageuza mkononi.

"Sasa nitaitundika wapi, baba?"

Nikamwambia akawaulize wenzake swali hilo hilo.