Dimbwi la Wazazi

"Bibi, samaki wa Lonkesa walikwenda wapi?"

Nilimuuliza Bibi Bolumbu nikiwa darasa la pili, siku niliyorudi kutoka kijitoni na kamba mmoja ndani ya kopo. Alinikata jicho.

"Nenda kaloweke mihogo."

Wanawake wa kijiji walikuwa na jibu lao: kijito cha Lonkesa kilifungwa na mdomo wa mwanamke mmoja, Mboyo, kwa laana.

Zamani, kabla sijazaliwa, maji ya msituni yakipungua, Bolumbu ndiye aliyewaongoza wanawake. Walikiziba kijito kwa udongo na matawi, dimbwi baada ya dimbwi, kisha wakayakomba maji kwa vikapu huku wakiimba nyimbo za kuwachamba waume zao, mpaka kambare wabaki wakigaagaa topeni. Dimbwi moja tu halikuguswa. Humo walizaliana mongusu, samaki wenye kichwa kama cha nyoka, ambao hupanda juu kuvuta hewa kama watu! Dume na jike hulilinda kundi la watoto wao, wakilizunguka kutwa. Bolumbu alichomeka tawi la mwiko ukingoni mwa dimbwi lile, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuling'oa.

Mwaka aliokufa mumewe, Lokuli, mvua zilikataa kukatika. Madimbwi mengine yote yalitoa vidagaa vya kujaza kikapu kimoja, na ndugu wa marehemu walikwishaanza kushuka mitumbwini kwa ajili ya matanga. Dada wa marehemu alifunua chungu, akakifunika kwa kishindo.

"Wifi, hiki chakula cha paka? Kaka yangu tunamuaga kwa kisamvu kitupu?"

"Maji hayajashuka, wifi."

"Na lile dimbwi mlilolifunga mnamfugia nani, mashetani? Au ndiyo furaha yenyewe? Maana mjane mwenye uchungu hana uchoyo."

Neno kama lile likitoka na wageni, linafika kijiji cha tatu likiwa limeota meno: Bolumbu alimla mumewe kwa uchawi. Alichukua kikapu, akaenda moja kwa moja Lonkesa. Wanawake wakamfuata.

Alipoling'oa tawi, Mboyo, shoga yake tangu usichana, alimshika mkono.

"Dada, hapo hapakombwi. Tukila wazazi, nani atatuzalia?"

"Wewe mumeo yu hai. Unajua nini?"

"Najua utalia mara mbili."

Mboyo akatupa kikapu chake, akaondoka bila kuaga. Wengine wakaingia majini. Walijaza vikapu saba. Mongusu dume alijivuta topeni kuwafuata watoto wake, mpaka panga lilipomkuta. Wageni walikula, wakalamba vidole, wakamsifu mjane.

Mwaka uliofuata hakuna aliyejali tena mwiko wa tawi. "Ikiwa mwenyewe alilikomba, sembuse sisi?" walisema, wakakomba kila kitu. Mwaka wa tatu vikapu vilitoka na matope matupu. Ndipo mmoja akakumbuka kwamba Mboyo aliondoka kijitoni kwa hasira. Wakamwendea nyumbani kwake.

"Fungua kijito, mchawi we!"

"Nifungue nini? Mimi nilikataza!"

"Ulikataza au ulilaani?"

Mboyo alimtazama Bolumbu, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa. Neno moja tu lingetosha. Bolumbu alifungua kitenge chake, akakifunga upya, akatazama chini.

Wiki ile Mboyo alihamia kwa bintiye, mjini Mbandaka, na sufuria zake mbili. Tangu hapo, kila mtumbwi ulioelekea mjini ulimpelekea Mboyo kwanga za Bolumbu, mikate ya mihogo iliyofungwa vizuri kwa majani, bila salamu yoyote. Hakuna salamu iliyorudi. Mwaka jana zilirudi kwanga zenyewe, zimeota ukungu, pamoja na habari kwamba Mboyo amezikwa.

Wanawake walikuja kukaa uani kwetu.

"Huenda sasa kijito kitafunguka," mmoja alisema.

"Mungu amsamehe," akaitikia mwingine. "Alituonea sana."

Bibi alikuwa akimenya mihogo. Akaweka kisu chini, akaniita kwa sauti kubwa, ingawa nilikuwa nimeketi hatua mbili tu kutoka kwake.

"Wewe uliniuliza samaki walikwenda wapi," alisema. "Tuliwala, kwenye matanga ya babu yako. Mimi ndiye niliyeling'oa tawi. Mboyo alinikataza."